Mashua Tuliyoitengeneza Mara Mbili

Masika, binti yangu, mama yangu,

Sianzi na salamu za mtu wa mbali, kwa sababu hujaenda bado. Nasikia sauti yako kule kwa jirani, unaaga Mama Kahindo, na yeye anakulazimisha kula bundu, ugali wake wa muhogo, kana kwamba Kampala hakuna chakula. Mvua ya mchana imeanza kupiga mabati. Mama yako yuko sokoni anakutafutia viatu vya kufunika vidole. Nina nyumba peke yangu mpaka murudi. Kesho asubuhi kamio ya Beni, lile lori la mizigo, itakuchukua, na kutoka Beni utashuka Kasindi uvuke mpaka. Mbele ya watu sitaweza kusema kitu. Unanijua, mimi ni mtu wa nyundo.

Mambo ya njia mama yako amekwisha kukuambia, na ataendelea kukuambia hata kamio ikiwaka: wapi pa kuficha karatasi zako, nani wa kumwita mjomba pale mpakani, watu wetu wanasali wapi huko. Sina la kuongeza. Nataka kukuandikia juu ya ile mashua. Tangu mjomba wako Katembo alipokuja na habari kutoka ziwani, mimi na wewe hatujaitaja. Tunakula meza moja, tunapeana chumvi, tunanyamaza. Sitaki uende ukifikiri kwamba baba yako hakuona ulichoona wewe.

Nianzie mbali kidogo, hata kama nusu yake unaijua.

Ulikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Niliitwa Beni kuezeka depo ya kahawa kwenye shamba la zamani la mzungu mmoja aliyekwenda na hakurudi. Mimi ni fundi wa manjanja, mabati ya nyumba na mifereji; maisha yangu yote nimelipwa kwa kuzuia maji yasiingie. Nyuma ya depo wanawake walikuwa wanaosha kahawa ndani ya kitu kirefu kama birika la ng'ombe. Nilikipita asubuhi, nikakipita tena mchana, ndipo nikaona kwamba birika lile lina pua. Nikainama, nikakwaruza matope na ukucha. Alumini. Mashua ya moteri, ya kabla ya uhuru, imepigwa ribeti, vile vishikizo vya alumini vinavyofunga bati kwa bati, mstari kwa mstari kama nguo iliyoshonwa na mtu mvumilivu. Chini ilikuwa na tundu la kupitisha mkono, wameliziba na gunia na lami.

Nikamwambia msimamizi: nitakuezekea depo, unipe hili birika, tumemalizana. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Utatoa sunguria ngapi mule?" akaniuliza, akifikiri nitaiyeyusha niifanye sufuria.

Hakuwa peke yake. Siku kamio ilipoileta Butembo, watu wanaoyeyusha alumini na kutengeneza sufuria walitukimbilia barabarani, mmoja na msumeno mkononi, wakitaka kuikata kabla haijashuka. Wewe na ndugu yako Kambale mulipanda juu yake mukawafukuza na fimbo. Nadhani siku ile ndipo ilipokuwa yenu.

Mama yako alitoka jikoni akaiona imelala uani kwetu, katikati ya mlima, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni mfereji wa barabara. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliweka mkono juu ya ile pua, akarudi jikoni.

Hukumjua mama yako mdogo Kavira, alikufa wewe ukiwa mgongoni. Alikuwa ameolewa palepale walipozaliwa, Lunyasenge, ambako mlima unaingia moja kwa moja ndani ya ziwa na gari haijawahi kufika. Uchungu ulipomshika na mtoto akakataa kutoka, walimtia ndani ya mtumbwi kumpeleka hospitali Kyavinyonge. Mama yako alikuwa kule kuwasalimia, akaingia naye. Upepo uliwakuta katikati. Mama yako alimshika kichwa, na Kavira alikata roho wakiwa bado wanaona Lunyasenge nyuma yao. Wapiga kasia waliendelea kupiga kasia mpaka jioni kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema basi. Mama yako aliniambia habari hiyo mara moja tu. Mimi nilipoona ile mashua Beni, sikuona mashua. Niliona ule mtumbwi ukifika.

Watu wa kartié, mtaa wetu huu, waliniita Papa Noé, yule Nuhu wa safina. Mzee wa kanisa mwenyewe alisimama kwenye mlango wa uwanja siku moja, mikono nyuma, akasema:

"Papa Masika, Noé yeye aliambiwa mvua itakuja. Weye ulisikia sauti gani?"

"Ya bibi yangu," nikamjibu, nikimwonyesha mama yako jikoni. Hakurudi tena kuuliza.

Chini ya matope tulikuta unga mweupe kama chumvi, kila mahali mtu wa zamani alipotia bulonyo, bolti ya chuma. Chuma na alumini vikishikana kwenye maji, chuma kinamla mwenzake pole pole. Tulizitoa bulonyo zote. Tulikata mabati yaliyooza, tukaweka viraka, chini ya kila kiraka mpira wa tairi la ndani. Ribeti tulizikata wenyewe kutoka kwenye waya nene ya alumini iliyotoka kwenye kinu kilichokufa. Na ribeti, unajua, haipigwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje na nyundo, mwingine ndani na chuma kizito, anakikandamiza juu ya kichwa cha ribeti ili pigo lisipotee. Kambale alijaribu. Alikuwa anachoka, anatazama ndege, chuma kinateleza. Nikakuita wewe. Mama yako akasema utakuwa kiziwi. Ukajaza pamba masikioni ukaingia.

Hatukuwa tunaonana. Bati lilikuwa kati yetu. Ulikuwa unagonga mara moja kusema uko tayari, mara mbili kusema imeshika, na ukichoka unakwaruza na ukucha, nami naweka nyundo chini. Nimeongea na wewe kwa njia ile kuliko nilivyoongea na wewe kwa mdomo, na ninajua hiyo si sifa kwa baba.

Kambale alikuwa wa moteri. Ilifika kutoka Beni ndani ya gunia, vipande vipande, na akaitandaza juu ya mukeka mzuri wa mama yenu. Unakumbuka kelele za siku ile? Mukeka haukutakata tena. Alikuwa anaifungua, anaifunga, anaisemesha kama mbuzi mkaidi. "Papa, hii kitu iko na roho," aliniambia, uso umejaa mafuta, "lakini inakataa kuamuka juu ya kutuogopa." Siku ilipoamka ndani ya pipa la maji, ikirusha maji mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, alikimbia kuzunguka nyumba nzima akipiga makofi. Alikuwa amekwisha kuota ndevu, na alikimbia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Halafu nikaharibu na rangi. Nilikuwa na ile rangi nyekundu ninayopaka kwenye vyuma vya paa visiingie kutu, nikaipaka mashua yote kwa furaha, tabaka mbili. Kabla ya Noeli rangi ilivimba malengelenge, na chini ya malengelenge ule unga mweupe umerudi. Kinachookoa chuma kilikuwa kinaila alumini. Miaka yangu yote na mabati, sikulijua hilo. Tulikwaruza tena kila kidole cha ile mashua, wewe na mimi na Kambale, vidole vinatoka damu, na hakuna kati yenu aliyenilaumu. Ningefurahi mungenilaumu kidogo.

Vita ya kwanza ilitukuta tukiwa bado tunakwaruza. Unakumbuka wale askari waliokuwa wanakimbia, wamebeba cherehani za watu, magodoro, hata milango. Tulikuwa tumeigeuza mashua kifudifudi na kutia kuku chini yake. Mmoja alikaa juu ya mgongo wake akala ndizi zetu. Aliigonga na kitako cha bunduki, akasema kwa mshangao, "Nyumba ya kuku ya ku Butembo iko nguvu!" Walichukua redio, godoro, baiskeli yangu, wakaenda zao. Walipopotea tulicheka. Kambale alimwiga yule askari kwa mwezi mzima. Nami nikajifunza somo baya: nikaamini kwamba vita ni mtu mjinga, kwamba ukigeuza kitu chako kifudifudi atapita. Wale walikuwa wanakimbia, Masika. Mtu anayekimbia hana macho. Wanaokuja kukaa ndio wanaotazama.

Lakini kwanza tulipata ule mwaka wetu. Tuliijaza maji hapa uani, maji ya mvua na ya ndoo, na kartié nzima ilikuja kutafuta tone. Mama yako aliizunguka na kitambaa kikavu, anapangusa chini ya kila ribeti, anatazama kitambaa. Kikavu. Kikavu. Akafika mwisho, akanitazama, akasema, "Wasingya," kama mtu anayeshukuru kwa maji ya kunywa, akaingia ndani. Kamio ya wachuuzi wa samaki ilipoiteremsha Kyavinyonge, nusu ya wavuvi walikuja kuishika na mikono yao. Kambale alivuta kamba ya moteri, ikakataa, akavuta, ikakataa, na viboko wakitutazama kule majini kama wazee wa baraza. Ilipowaka, mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa. Alilia wazi, bila kufunika uso, mpaka Lunyasenge.

Kambale alibaki ziwani kwa mjomba wenu Katembo. Alipeleka wagonjwa, alileta chumvi na daftari za shule, alirudi na samaki. Kuna mwanamke alimfikisha Kyavinyonge usiku wa upepo, akajifungua salama, na wakamwita mtoto Kambale ingawa alikuwa mtoto wa kwanza. Wazee walinung'unika, kwa sababu jina hilo kwetu ni la mtoto wa pili. Kambale alikuja mpaka Butembo kutuhadithia, anaona haya, anacheka. Mama yako alimwekea nyama, akasimama nyuma yake akimtazama anavyokula. Nilifikiri basi, deni la ule mtumbwi limekwisha.

Vita ya pili haikupita. Ilikaa. Walikuja hawa, wakafuatwa na wale, kila kikundi na kizuizi chake cha barabara na komanda wake. Katembo alituma neno: tuijaze mashua mawe, tuizamishe kwenye mafunjo, mpaka hali itulie. Kambale alipanda kuniuliza. Tulikuwa tumekaa hapa hapa ninapoandika.

"Papa, tukiizamisha, bagonjwa batapitia wapi?"

Wewe ulikuwa unamenya viazi pale mlangoni. Ulisema, "Batapita na mitumbwi, sawa zamani." Kambale akakujibu, "Sawa mama mudogo Kavira?" Ukaweka kisu chini. Wote wawili mukanitazama. Nilijivunia yeye sana dakika ile, na kiburi kile ndicho kilichojibu kabla yangu. Nikasema aiache majini. Nilisema watu wenye bunduki pia wana wagonjwa, wataiheshimu.

Kwa nini nilisema hivyo sijui mpaka leo. Mtu akishajenga kitu kizuri, anaanza kufikiri kwamba uzuri wake utakilinda.

Askari wa komanda mmoja waliichukua kabla ya mavuno ya maharagwe. Mashua bila dereva si kitu, basi walichukua vyote viwili. Nilishuka Kyavinyonge, nikasimama kwenye kizuizi chao siku nzima. Kijana mmoja mwenye macho mekundu aliniambia hakuna mtu wa jina hilo. Baadaye akaniambia yuko kazini. Baadaye akaniambia nikirudi tena atanipiga risasi ya mguu. Nilirudi Butembo. Mama yako aliendelea kuweka sahani ya Kambale mezani.

Sasa nafika siku ile. Kamio yao ilisimama mbele ya nyumba mchana, watoto wa jirani wakakimbia, na nyuma ya kamio niliiona pua ya mashua. Waliibwaga uani kama maiti ya ng'ombe. Komanda alikuwa mtu mpole. Aliomba kiti, akaomba maji, akavua kofia mbele ya mama yako.

"Muzee," akasema, "mutoto yako iko muzima. Iko anatumika vizuri sana. Ni yeye mwenyewe alisema: hii bato, papa yangu tu ndiye anaijua. Itengeneze, nitamupelekea. Kazi ikiisha, nitamupatia ruhusa akuje kusalimia mama yake."

Mama yako alikwenda jikoni mara moja kumwandalia chakula. Nilisikia anaimba. Ulisikia wewe pia.

Askari wake walikaa ukutani. "Noki, papa, noki!" walikuwa wanapiga kelele, nifanye haraka. Uliingia ndani na chuma chako bila kuitwa. Nikainama upande wa nje, kwenye tumbo la mashua, kuona matundu. Yalikuwa ya risasi. Na midomo yake ilikuwa imejikunja kuja nje, kwangu. Nilipitisha kidole juu ya kila moja. Nimetoboa mabati tangu ujana wangu. Bati linajikunja kuelekea linakosukumwa. Risasi zile hazikutoka ziwani wala pwani. Mtu alisimama ndani ya mashua akapiga chini, pale kwenye ubao wa nyuma, pale anapokaa mwenye moteri.

Ukaniita kupitia tundu, polepole. Niliona jicho lako na kipande cha shavu.

"Papa. Hizi zilipigwa ndani."

"Shika chuma," nikasema.

"Papa, angalia vizuri."

"Naona. Shika chuma."

Tukapiga. Uligonga mara moja, nilipiga, uligonga mara mbili. Kiraka kikashika. Halafu kwenye kiraka cha mwisho, kile kikubwa cha chini, hukugonga. Nilisubiri. Ukaweka mdomo kwenye tundu.

"Tuache moja bila kuikaza. Moja tu, Papa. Maji itaingia pole pole wakiwa mbali. Hapana mutu atajua."

"Ndugu yako ndiye anaiendesha."

"Nani alikuambia?"

"Komanda."

"Na haya matundu yanakuambia nini?"

Nilisema tu, kama ninavyosema kwa kijana anayejifunza kazi, "Ribeti inapigwa mpaka mwisho." Askari mmoja akaanza kuinuka. Ndipo ukagonga mara moja, nami nikapiga, na ukagonga mara mbili. Kazi ilikuwa safi. Ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya. Walipoijaribu kwa maji, haikutoa hata jasho. Komanda alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama yako alimpa kifurushi cha nguo na karanga, ampelekee Kambale. Akakipokea, Masika. Akakipokea akasema asante mama.

Baada ya hapo alikuja mjomba wako Katembo, kwa miguu kupitia Kyondo, amekonda. Alikaa palepale alipokaa komanda. Alitueleza kwamba Kambale alikufa kabla ya mashua kuletwa kwetu, mwezi mzima kabla. Walimwamuru awapeleke Lunyasenge kuchukua samaki na watu wa kubeba mizigo. Alizima moteri katikati ya ziwa akasema moteri imekufa. Moteri ile haikuwahi kumfia, na yule kijana mwenye macho mekundu alijua. Walimpiga risasi hapo hapo alipokaa. Maji yalianza kuingia kwa matundu yao wenyewe, na ikabidi wapige kasia mpaka pwani wakikomba maji na kofia zao. Kambale walimwacha ziwani.

Nilifikiri Katembo amemaliza. Hakuwa amemaliza. Walikwenda Lunyasenge na mashua yetu ilipopona. Walifika asubuhi, na hakuna mtu aliyekimbilia mlimani, kwa maana watu walisikia ile moteri wakaijua. Walifikiri Kambale amerudi. Walishuka pwani kumpokea. Wamama walishuka na watoto.

Wewe uliondoka kitini ukaenda uani. Nilikuona kwenye dirisha umesimama pale mashua ilipokuwa inalala, pale ambapo majani hayajaota vizuri bado. Hukuniambia neno. Siku hiyo wala baadaye. Najua ulikuwa unanionea huruma, na huruma yako ndiyo inayonishinda. Mama yako alilia kilio cha wazi, watu wakaja, tukaimba, pasta akasoma. Hatukuwa na cha kuzika.

Nimegeuza jambo hili kila upande kama fundi. Najiambia: kama ningeacha ile ribeti, labda wangezama wao peke yao, mbali, na Lunyasenge ingelala salama. Halafu najiambia: labda wangekuwa wamemlazimisha mtoto wa mwingine kuendesha, naye angezama kwa mkono wangu. Halafu nasema labda wangegundua, na leo nisingekuwa na wewe wa kumwandikia. Kila upande una tundu. Lakini ukweli ninaotaka uende nao ni huu mmoja: sikufikiri lolote kati ya hayo. Nilisoma bati maisha yangu yote, na siku ile bati liliniandikia wazi, nawe ukanisomea kwa sauti, nikakataa. Nilitaka Kambale awe hai kuliko nilivyotaka kujua. Wakinirudishia siku ile bila yale ninayojua leo, Masika, nafikiri nitapiga ile ribeti tena mpaka mwisho. Siwezi kukudanganya hapo. Wewe uliona. Mimi nilikuwa baba.

Kwa hiyo usinisikilize ukitafuta hekima. Ningekuwa nayo, ningeitumia. Nakuambia tu amini jicho lako. Hata mtu unayempenda akikuambia shika chuma, amini jicho lako. Siku ile ulinitii, na najua umebeba utii ule kama kosa. Si lako. Mkono uliokuwa na nyundo ulikuwa wangu. Uache hapa nyumbani, mimi nitakaa nao.

Unajua kwa nini mama yako amekuharakisha. Juma lililopita, ukiwa kisimani, askari mmoja wa komanda alisimama mlangoni akauliza, "Ule binti anashikaka chuma iko wapi? Tuko na kazi ingine." Mama yako alisema umeolewa Beni. Yule askari akacheka, akasema atarudi kuona harusi. Mimi sitatoka hapa. Wakikuta nyumba tupu watamwuliza Katembo, watamwuliza jirani. Na mama yako haondoki, kwa sababu, anasema, Kambale hakuzikwa, na mtu asiyezikwa anaweza kurudi akakuta mlango umefungwa. Nimeacha kumjibu. Wakileta tena mashua, au kitu kingine cha kutengeneza, sijui mikono yangu itafanya nini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko wao.

Bado nakwenda kanisani. Nafungua mdomo pamoja na wengine. Nyamuhanga, Mungu wetu, anajua ni mdomo tu.

Sikuombi urudi. Wazazi wengine wanaandika hivyo, najua, na mtoto anabeba neno hilo kama jiwe. Nchi hii nilikuwa nayo nilipokuwa kijana, sijui ilikwenda wapi, na siioni ikirudi katika siku zangu. Ukipata mahali ambapo watu wanalala usiku kucha, lala. Ukipata mtu mwema, usimweleze habari zetu zote mara moja. Ukiwa na watoto, waambie walikuwa na mjomba aliyezima moteri katikati ya ziwa. Mengine waambie ukitaka, au usiwaambie.

Mvua imepungua. Nasikia mama yako anapandisha njia, anasemeshana na mtu juu ya viatu, nadhani ni vidogo. Nitakunja karatasi hii niitie chini ya nguo zako, uikute ukiwa umevuka.

Kesho pale kwenye kamio nitakubebea mfuko. Nitakuambia safari njema na salimia watu, kama baba yeyote, na pengine nitaulizia habari ya tairi. Mfuko nitaushika mpaka wawashe. Ukiona siuachi, mama yangu, uvute tu.

Papa wako